Kabla Hujarudi kutoka Bwawani

Atilio mwanangu, kamwene.

Mimi mama yako ndiye ninayesema. Anayeandika ni Bi Zuhura, mke wa yule mwenye duka la chumvi na vitambaa hapo barabarani. Unamjua, ndiye aliyekuwa anakupa sukari guru ulipokuwa mdogo, mimi nikikataza. Kwao ni Mbalizi, wazee wake walipanda huku kutoka pwani, na yeye alisoma Mbeya mpaka darasa la nne. Anasema kwanza nikusalimie vizuri, niulize hali, niulize wa huko wote hawajambo, ndipo niingie kwenye maneno. Nimemwambia huyu nimemzaa mwenyewe, hali yake naijua, asubuhi amekula viazi na akabakiza. Kitu kingine ukijue mapema. Mimi nasema Kiswahili cha huku kwetu, yeye anaandika cha kwao. Mahali utakapokuta maneno yamekaa vizuri sana, hapo ni yeye.

Utajiuliza kwa nini naandikisha barua na wewe bado uko hapahapa Igowole, basi ni kesho asubuhi. Sababu yake ni hii: ukiwa mbele yangu, nikianza kusema, unasema "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unatazama mlango. Barua utaikunjua ndani ya basi, na basi likishaondoka hakuna mlango wa kutazama.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kuchagua marafiki, ya kutokopa vitu kwa watu, hayo baba yako amekwambia tangu juzi na mengine amerudia. Mimi nayaruka. Mimi nasema habari ya maji tu.

Sasa hivi jua limeanza kuinama upande wa mashamba ya chai, na wewe uko bwawani na baba yako, mara ya mwisho kabla ya safari. Ulisema nisije. Sikuja. Nimekaa hapa jikoni napukuchua mahindi, Bi Zuhura amekaa kwenye kigoda chako, karatasi ameiweka juu ya ungo. Kwa hiyo haya ninayosema nayasema sijui kama umeingia majini au umekaa ukingoni unayatazama.

Bi Zuhura ananiuliza, huu mtihani wa askari kuogelea ni wa nini hasa? Bunduki haipigwi majini. Nimemweleza kama ulivyotueleza sisi siku ile ulipofika livu, likizo ya askari, umekaa hapohapo alipokaa yeye, kofia bado kichwani. Ulisema jeshini kuna kikosi cha madaraja. Wanafika mtoni, wanajenga daraja, malori yanapita juu yake, wanalibomoa, wanakwenda kujenga mto mwingine. Ulisema hiyo ndiyo kazi unayoitaka, kwa sababu mtu aliyejua kujenga daraja hata akitoka jeshini ana kazi mpaka azeeke. Baba yako akakukata kauli.

"Daraja si ndilo linamfanya mtu asiloe? Sasa kuogelea kwa nini?"

"Baba, kabla halijawa daraja ni maji."

Hapo akajimiminia ulanzi kidogo, pombe yake ya mianzi. Jibu lilimpendeza lakini hakutaka uone.

Basi ukasema mtihani wenyewe. Unaruka na nguo zote, na buti. Unaogelea kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile bila kukanyaga chini. Ukifika unakaa juu ya maji hivihivi, hushiki kitu, mpaka sajini apige filimbi. Anayeshindwa haendi kwenye madaraja. Atalinda geti na kupeleka kuni kwa wapishi mpaka muda wake wa jeshi uishe. Ukasema wewe umeshashindwa mara moja, walikutoa kwa mti mrefu kama nguo iliyodondoka kisimani, na imebaki nafasi moja tu, utakaporudi. Sajini alikuuliza, "Wewe, kwenu hakuna maji?" Ukamjibu, "Yapo afande, lakini ya kunywa." Askari wenzako walicheka, na wewe ulipokuwa unatusimulia ulicheka. Kicheko chenyewe sikukipenda. Nilikuwa nakijua. Ni cha mtu ambaye amekubali kwamba watu wakicheka na yeye acheke, yaishe.

Ndiyo nikapanda darini kutoa vibuyu.

Wewe Idodi umeiona mara moja, uko mgongoni, huwezi kukumbuka. Kule ni bondeni, joto, unatoka Iringa unashuka unashuka mpaka unakuta nyayo za tembo shambani kwa watu. Mto wetu wakati wa masika ulikuwa unajaa, na mashamba ya mtama yalikuwa ng'ambo. Mtama haungoji maji yapungue, ndege wanakula. Kwa hiyo wanawake wa kwetu walikuwa wanaogelea. Wanaume walikuwa wanashika mkia wa ng'ombe, ng'ombe anavuta. Sisi tulikuwa hatupewi ng'ombe, tulipewa kibuyu. Unachukua vibuyu viwili vikubwa vikavu, mdomo unaziba kwa nta ya nyuki, unavifunga kwa kamba ya gome, kimoja kwapa hii, kimoja kwapa hii. Msichana anajifunza na viwili. Akizoea anaondolewa kimoja, anaogelea upandeupande kama kuku aliyevunjika bawa. Akizoea tena anaondolewa cha pili. Kutoka hapo vibuyu vinakuwa vya kubebea mtama, si vya kumbeba yeye.

Mimi nilifundishwa na shangazi, dada wa baba yangu, mwanamke mfupi, mkali, mdomoni tumbaku haikosi. Siku ya kwanza bila kibuyu nilizama. Nilipiga yale maji kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Shangazi alisimama tu, maji yamemfika kifuani, ananitazama. Nilipochoka akanivuta kwa nywele.

"Umemaliza kupigana?"

"Nimemaliza."

"Sasa lala."

"Nilale wapi, shangazi?"

"Hapohapo."

Na kweli nililala. Akaniwekea kidole kimoja mgongoni, nikawa nahisi kile kidole, naona kimenibeba mwili mzima. Baadaye nikageuza macho nikamwona amesimama mbali, anatafuna tumbaku yake. Sijui kidole alikiondoa wakati gani. Hilo nilikwambia bwawani lakini nilikwambia nikitetemeka kwa baridi, pengine hukusikia vizuri.

Na kulikuwa na mwiko. Mtu akiwa majini haitwi jina. Hata nyumba yake iwe inaungua, utamngojea afike. Wazee walisema mamba akilisikia jina lako atalishika, atakuita nalo siku nyingine uko peke yako. Kwa hiyo mtu akivuka, walio ukingoni wananyamaza, au wanaimba, lakini jina hapana. Mimi nilimuuliza shangazi, "Kwani mamba anajua kusema?" Akanipiga kofi la kisogo, akasema, "Ingia umuulize."

Bi Zuhura anasema nirudi kwenye habari. Habari ni hiyohiyo, mama, tulia.

Baba yako alishuka Idodi kununua mbuzi. Alikuwa kijana, ana koti. Alikuta mto umejaa, mbuzi wako upande mmoja, yeye njia yake iko upande mwingine, amesimama na koti lake anatazama maji kama anayeyadai. Nilivusha mbuzi wake mmojammoja. Halafu nikamvusha yeye. Alikumbatia kibuyu kwa mikono miwili, macho ameyafumba, anasali kwa Kihehe, mimi navuta kamba. Ukimuuliza atakwambia alipita mahali maji yako magotini. Muulize, umwone anavyotazama pembeni. Bi Zuhura amecheka mpaka wino umemwagika, hilo doa unaloliona ni hapo, si machozi, usije ukadhani nililia.

Akarudi akanioa, akanileta huku juu. Na huku, mwanangu, mimi nilifika kama mtu aliyetupwa. Ukungu asubuhi, ukungu jioni, maji ya kijito ukiyagusa yanauma mpaka kwenye jino. Hakuna mtu anaoga kijitoni. Watu wanachota, wanapasha moto, wanajimwagia kwa kata nyuma ya nyumba. Kuogelea hawakujui hata kwa jina. Nami sikuwa na shida nalo, nilikuwa na shida ya baridi.

Sasa siku moja, wewe nilikuwa nimekubeba tumboni lakini bado hujaonekana, tulikuwa wanawake wengi tunafua kwenye lile bwawa la shamba la chai, kabla Mzungu mwenye shamba hajaweka mlinzi. Beseni la jirani likasukumwa na upepo, likaenda katikati. Beseni jipya. Mwenyewe akaanza kulia kama amefiwa. Mimi nikavua kitambaa cha kichwa nikaingia, nikaogelea, nikalileta. Nilidhani watashukuru. Walitazama kwanza nguo zangu zinavyochuruzika. Halafu mmoja akasema, "Jamani, kiboko amepanda mlima." Wakaangua kicheko, na mwenye beseni akacheka nao, huku beseni lake kalikumbatia.

Tangu siku ile nikawa Mama Kiboko. Nikipita sokoni, "Kiboko, leo huko majini kuna nini?" Tumbo lilipoonekana wakasema kiboko atazaa kiboko. Katika kanisa mtu akikaa karibu na mimi wenzake wanamwambia jihadhari usiloe. Maneno ya mzaha tu. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeninyima moto. Lakini nilikuwa mgeni, sina dada wala shangazi hapa, na nikaona kazi ya kuwa mtu wa hapa itakwenda upesi zaidi nikiacha hicho kitu. Nikaacha. Vibuyu nikavipandisha darini, nikasema ni vya mbegu.

Kisha ukazaliwa wewe, ukakua, ukawa mtoto wa kupenda maji. Sikumbuki nani alikupa hiyo. Ulikuwa unakimbilia kila dimbwi. Nami nikakwambia bwawani kuna kitu kinashika watoto miguu. Nilikwambia tena na tena mpaka ukawa unapita mbali, unanishika nguo. Hakikuwapo kitu bwawani, Atilio. Nilikuwapo mimi, naogopa kuchekwa mara ya pili kwa ajili yako.

Silii kwa hilo. Limepita, wale wanawake wengine wamekufa, wengine ni mashoga zangu, na mwenye beseni ndiye aliyekushika siku ya ubatizo. Nakwambia kwa sababu huko unakokwenda utakuwa mgeni zaidi ya nilivyokuwa mimi, na watu watakutafutia cha kucheka. Wakikipata, usikimbilie kukitupa. Ngoja kwanza uone kama hutakihitaji. Mimi nilikitupa, na mwaka huu nikakitafuta darini, panya wameshatafuna kamba.

Basi tukaenda bwawani. Bi Zuhura hii hajaisikia, ameacha kuandika ananitazama, andika, mama.

Mlinzi wa siku hizi ni Mzee Ambilikile, mtu wa upande wa Mbeya, Mnyakyusa, ana koti la mvua la Mzungu linamfika kwenye visigino. Alitukuta nakufunga vibuyu kwapani, wewe na kaptula yako ya jeshi.

"Mama Atilio, huyo samaki unamtia maji au unamtoa?"

"Namtia."

"Ni mkubwa. Mwenye bwawa akija nitasema sikuwaona, lakini huyu nitasemaje sikumwona?"

Wachuma chai wakashuka na vikapu vyao kutazama. Wakaanza. Askari wa vibuyu! Askari, pombe iko ndani? Ukashika kamba unataka kufungua. Niliingia majini na kanga yangu, mwanamke mzee, meno yanagongana, nikasimama maji yamenifika shingoni nikakungojea. Sikufanya kwa ushujaa. Nilikuwa sina la kukwambia. Ukaingia.

Ulikuwa mzito siku za kwanza, nisikufiche. Unakaza shingo, unakaza vidole vya miguu, kila kitu umekaza kama unabeba gogo. Halafu ukalegea. Tukatoa kibuyu kimoja, ukazunguka palepale kama jani, Mzee Ambilikile akacheka mpaka akakaa chini. Ukazoea. Tukatoa cha pili. Ukaanza kuvaa buti. Wachuma chai wakaacha kuja, kwa sababu kitu cha kucheka kilikuwa kimeisha.

Sasa nafika Jumamosi. Najua hutaki nifike, lakini hii barua nimeianza kwa ajili ya Jumamosi.

Ulisema leo navuka lote, kutoka ukuta wa bwawa mpaka kwenye matete, na buti, bila kitu. Mimi nikabaki ukutani. Ukaruka. Ukaenda. Ulikuwa unaogelea kama watu wa kwetu, kichwa juu, kimya, mikono haipigi kelele. Ukapita katikati. Nikaona, huyu anafika. Na hapo, sijui nini kilinishika, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, "Atilio! Atilio wangu!"

Katekista alikwishatuambia zamani, yale mambo ya mamba na majina ni giza, tuyaache. Niliyaacha, sikuona ubaya. Tena huku juu mamba hayuko. Nilichosahau ni kwamba wale wazee, hata kama ya mamba waliyatunga, walikuwa wameshaona watu wengi wakiitwa majini. Mtu akiitwa anageuka.

Na wewe uligeuka. Tena ulifanya zaidi ya kugeuka. Mimi mwenyewe nilikulea, mama akiita unaitika, popote ulipo, mdomo ukiwa na chakula unameza kwanza unaitika. Nilikuchapa kwa hilo. Basi uliitika. Katikati ya maji, na buti miguuni, ulifungua mdomo ukasema, "Naam!"

Maji yakaingia yote. Nikaona mkono, nikaona kisogo, halafu sikuona kitu. Mimi nilikuwa nimesharuka lakini miguu yangu ya sasa si ile ya Idodi. Aliyekufikia ni Mzee Ambilikile kutoka upande wa matete, na mti wake wa kuzolea magugu. Tulikulaza kifudifudi, ukatapika maji na viazi. Ukakaa. Jambo la kwanza ulilosema nalikumbuka.

"Mama, uliniita wa nini?"

"Kwa furaha."

"Si ungefurahi kimya."

Mzee Ambilikile akageukia mbali akijifanya anakamua koti lake. Njiani ulikuwa mbele, mimi nyuma. Ulipofika mlangoni ukasema, "Mama, usije tena bwawani." Nikasema, "Sawa." Ilikuwa sawa kweli. Hukunikosea heshima, kama una hofu hiyo itoe.

Lakini tangu Jumamosi hujaingia majini. Unatoka hapa na taulo, unarudi na taulo. Hujaniambia na mimi sijauliza. Kaptula naiona kwenye kamba, ni kavu, na iliyo kavu haihitaji kuanikwa, unaianika kwa ajili yangu. Baba yako naye anajua. Ndiyo maana leo amekwenda na wewe, yeye ambaye maji ya kuosha uso anayaangalia kwanza.

Sasa lile ninalotaka kusema. Nimelizungusha kichwani tangu Jumamosi. Nilifikiri nikwambie uende ukawaombe huko, kwamba kwetu mtu akiwa majini haitwi. Nikacheka mwenyewe. Sajini kazi yake ni kupiga kelele. Utakuwa majini, atakuita jina lako, atakuita na majina mengine, wenzako ukingoni watapiga mayowe, wengine wa kukutia moyo, wengine wa kukucheka. Mwiko wetu haufiki huko. Hakuna atakayenyamaza kwa ajili yako.

Kwa hiyo wewe ndiye utakayefanya. Ukisikia jina lako, liache lipite juu ya maji. Usigeuke, usijibu. Lisikie tu, kama unavyosikia lori barabarani umelala.

Na mimi vilevile. Nafikiri shida yako sasa si ile sauti ya sajini, ni yangu. Nafikiri ukisimama ukingoni unanisikia naita. Nimelala usiku kadhaa naisikia sauti yangu mwenyewe. Basi mimi niliyekufundisha kuitika naitengua amri hiyo. Ukiwa majini nikikuita, usiitike. Hata ikiwa ni sauti yangu kabisa, hata nikilia, hata ukisikia nasema nakufa. Vuka kwanza. Ukishakanyaga ng'ambo, ukatema maji, ukapata pumzi, ndipo useme naam, na mimi nitakuwa bado nangoja, sina pa kwenda. Sitaona umechelewa. Wala usifikiri ni kwa bwawa tu na huo mtihani. Utakuwa mbali miaka, utapata habari za hapa, mama anaumwa, mama amesema hivi, nyumba imevuja. Ukiwa katikati ya kitu, kimalize.

Bi Zuhura ameweka kalamu chini. Anasema mama hamwambii mwanawe asiitike, kwao haijasikika, atanuna mtoto. Nimemwambia kwa kawaida hata kwetu haijasikika. Ameishika kalamu tena.

Anasema pia nikuandikie kwamba utashinda, inshallah, askari asafiri na maneno mazuri. Sijui kama utashinda. Kukuombea nakuombea asubuhi na jioni, hiyo ni ya Mungu na mimi. Kwako nasema ninachokijua. Buti zinavuta chini; ziache zivute, miguu ni yao, wewe shika pumzi. Ukikaza shingo unazama, hilo umeliona. Ukichoka lala, na ukilala usitafute kidole cha mtu mgongoni, hakitakuwapo, na hata mimi mara nyingi hakikuwapo nikiwa nadhani kipo.

Na ukishindwa, utalinda geti. Geti linalindwa na watu. Kuni zinabebwa na watu, mimi nimebeba kuni maisha yangu yote. Wale mashoga zangu wakiuliza mwanao yuko wapi nitawaambia yuko getini, na atakayecheka nitacheka naye kidogo, halafu nitamuuliza ya kwake. Sitasema ulikosea. Sitasema kama nisingekuita. Hilo lisemwe leo, tena na mimi, liishie hapa jikoni.

Ila sitaki ulinde geti kwa sababu hukuingia majini. Ukiingia ukazama wakakutoa kwa mti, rudi na habari hiyo, nitaipokea. Lakini ukisema uliumwa tumbo siku ya mtihani, nitajua, na utajua kwamba najua, na tutakaa mimi na wewe tunazungumza habari za mahindi mpaka nife.

Basi, mengi nimeyasema. Bi Zuhura anasema karatasi ya pili imefika chini, na mahindi yangu yamekwisha.

Ngoja. Mbwa wa jirani amebweka. Mnakuja, nasikia buti kwenye yale mawe ya kijitoni, na sauti ya baba yako, lakini maneno siyasikii.

Bi Zuhura amenyanyuka amechungulia. Amekuona. Amefungua mdomo, nimemwambia funga. Nimemwambia usiseme ameloa, usiseme hajaloa, kaa uandike. Uso wake umeshasema kitu lakini mimi natazama ungo.

Nataka barua ifungwe sasa hivi, kabla hujashika mlango. Kesho ukiisoma ndani ya basi, wewe utakuwa unajua kilichotokea leo bwawani na mimi nitakuwa najua. Lakini haya yote niliyoyasema niliyasema sijui. Nisingeyabadilisha kwa hili wala kwa lile. Hicho ndicho nilichotaka uende nacho.

Bi Zuhura, nishike kidole gumba, niweke alama yangu hapo chini, halafu uikunje uitie kwenye mkoba wa Atilio chini ya soksi. Mimi nachochea moto. Ameloa au hajaloa, baridi ya nje ni ileile.

Mama yako